Nimekuja likizo Tanga, na Hamburg naogopa kurudi

Shikamoo shangazi.

Safu hii naisoma tangu nikiwa sekondari, sikudhani nami ningekuja kuiandikia. Mimi ni binti wa miaka 27, mzaliwa wa Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara zetu za namba. Nilifanya kazi kwa wakala wa forodha hapa bandarini, kisha nikapata nafasi ya shahada ya uzamili Hamburg, Ujerumani, masomo ya bandari na usafirishaji, yanayofundishwa kwa Kiingereza. Ada sitozwi, nalipa mchango wa muhula tu. Lakini ili upate viza sharti uoneshe fedha za kujikimu za mwaka mzima, zaidi ya euro 11,000. Zinawekwa kwenye akaunti inayofungwa, unatolewa kiasi kila mwezi. Familia ikauza kiwanja cha marehemu baba kule Pongwe, kaka akajazia pengo. Siku ya kuniaga mjomba alinitania mbele ya watu: zamani mkonge ulitoka Florida ukapitia Hamburg ndipo ukafika kwetu, leo tunawapelekea wewe, deni limekwisha. Watu walicheka mpaka basi. Tangu siku hiyo mtaani naitwa Mjerumani.

Shangazi, huyo Mjerumani kule Ujerumani hajulikani.

Nilifika mwezi wa kumi. Ilipofika Desemba jua linazama saa kumi alasiri, asubuhi naingia darasani bado giza. Hosteli tunachangia jiko watu wanane. Siku moja nilikaanga dagaa, king'ora cha moshi kikalia, wote wakashuka uani na makoti juu ya nguo za kulalia. Hakuna aliyenigombeza. Kesho yake nikakuta karatasi ya maelekezo imebandikwa kwenye friji, haina jina la mtu. Afadhali wangenigombeza.

Masomo ndiyo yaliyonimaliza. Chuo cha nyumbani nilizoea majaribio katikati ya muhula, alama zinajijenga taratibu. Kule masomo yangu mengi ni mtihani mmoja mwishoni, na hakuna anayekuuliza ulikuwa wapi. Usipojiandikisha kwa mtihani kwenye mtandao kabla ya tarehe kupita, hufanyi. Somo moja liliniponyoka hivyo. Jingine la mahesabu nilifeli mwezi wa pili, nikafanya sapu mwezi wa tatu, nikafeli tena. Kwa kanuni za chuo changu nimebakiwa na nafasi moja. Nikiikosa hiyo, nimedisko.

Kwenye kazi ya kikundi binti mmoja wa kwao aliniambia mbele ya wenzetu, "Sehemu yako haitoshi, nimeiandika upya." Hakusema samahani. Tangu hapo vikao vyao nilihudhuria bila kufungua mdomo, hadi muhula ukaisha.

Halafu fedha. Nilianza kubeba boksi, na kwangu ni boksi kweli: ghala la vifurushi, zamu za usiku. Nyumbani natuma euro 100 kila mwezi kwa ajili ya dawa za presha za mama na ada ya mdogo wangu. Hawakuniomba. Mwezi wa kwanza nilituma kwa kujionesha tu, basi ikawa desturi. Usiku nisiokuwa zamu nachati na watu wa Tanga mpaka usingizi unanikuta na simu mkononi. Idd ilinikutia ghalani.

Nimekuja likizo mwanzoni mwa mwezi huu wa nane. Wote nimewaambia nimefaulu. Mama kapika, kaalika watu. Picha zangu za theluji na za kando ya mto Elbe zimo kwenye simu za mtaa mzima. Usiku silali, chakula hakipiti, moyo unanienda mbio kila nikikumbuka tiketi ya mwezi wa kumi.

Kilichonisukuma kuandika ni hiki. Mjomba yule yule ameweka sokoni shamba lake la michungwa Muheza ili ampeleke binti yake, aliyemaliza shahada mwaka jana, kwa njia ile ile niliyopita mimi. Mnunuzi kaahidi kuja na fedha baada ya Maulidi. Mjomba aliniita pembeni akaniuliza, "Mwanangu, kule kunafaa?" Nikamjibu, "Kunafaa, mjomba." Maneno hayo yananikaba hadi leo.

Wenzangu wote kule wamezoea. Mkameruni wa ghorofa yangu, Wahindi wa darasani, kila mtu ana watu wake. Ni mimi tu. Je, nirudi nikadisko? Nibaki, niwaaibishe waliouza kiwanja? Nimwambie mjomba ukweli, nimharibie binamu bahati yake?

Ni mimi, Mjerumani wa Ngamiani.

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Pole sana, na ahsante kwa kuandika kwa kirefu. Wengi huniletea mistari miwili kisha wanataka niwaamulie maisha.

Nikikuelewa, mwaka mzima umeishi mahali ambapo hukupata mtu wa kumwegemea. Masomo yana utaratibu usioufahamu, usiku unafanya kazi, kila mwezi unatuma fedha. Sasa umerudi kwa watu wanaokupenda, na nao pia huna wa kumwegemea, kwa sababu ulichowaambia sicho kilichokupata. Hilo la pili ndilo naliona zito kuliko Hamburg yenyewe.

Niruhusu nianze na kiwanja cha Pongwe. Fedha iliyokuwa kwenye ile akaunti ni ya familia yako, iliyouza ardhi ili upate chumba na chakula. Ukatoa humo euro 100 kila mwezi, ukairudisha Tanga ikiwa na sura ya mshahara wa Ulaya. Kwa mwaka ni euro 1,200. Pengo hilo ukalijaza kwa zamu za usiku, na zamu za usiku zikala saa za kulala na za kusoma. Sikulaumu hata kidogo. Mtoto gani wa kwetu atajua mama yake ana presha asitume? Ninachouliza ni kimoja: mama angejua kwamba dawa zake zinatoka kwenye kiwanja kile kile, tena kupitia ghala la usiku, angezipokea? Wewe unamfahamu, mimi simfahamu. Lakini hukumpa nafasi ya kusema lolote.

Umeandika kwamba wote wamezoea isipokuwa wewe. Umemuuliza nani? Huyo Mkameruni unamwona jikoni, naye anakuona wewe jikoni. Sitashangaa akiwa anawaandikia kwao kuhusu dada mmoja Mtanzania, mtulivu, aliyetulia na masomo yake. Zile picha zako za Elbe ndizo binamu yako anazoziangalia na kuamini kila kitu ni shwari. Pengine na wewe unaziamini za wenzako namna hiyo hiyo.

Na yule binti wa kikundi. Mimi nimelelewa Pwani kama wewe. Kwetu mtu akitaka kukwambia chumvi imezidi, atalisifia kwanza sufuria, kisha akuulize hali ya watoto. Ujerumani watu wengi huenda moja kwa moja kwenye kasoro, na wanadhani wamekuheshimu kwa kutokupotezea muda. Huenda alikusudia hivyo. Huenda pia alikudharau. Ubaguzi upo na sitakwambia umeuota. Ila kwa neno moja lile huwezi kupambanua, na wewe ulinyamaza muhula mzima. Ungemuuliza, "Haitoshi wapi?", ungeyapata yote mawili: kosa la kazi yako, kama lipo, na tabia yake halisi. Swali hilo kule si utovu wa adabu. Vivyo hivyo kwa profesa. Ana saa zake za kuonana na wanafunzi, unamwandikia barua pepe kuomba nafasi, unakwenda na maswali yako mkononi. Umeshawahi kwenda kuiangalia ile karatasi uliyofeli? Vyuo vya Ujerumani huweka siku ya wanafunzi kutazama mitihani yao iliyosahihishwa. Barua yako haikugusa hilo, nami nalitilia shaka.

Kuna jambo jingine nililiona nikisoma habari za simu. Tanga na Hamburg zimepishana saa mbili wakati wa baridi, na moja tu wakati wa kiangazi. Aliyeko Marekani, nyumbani wanapokula chakula cha usiku yeye yupo kazini. Analazimika kujitafutia watu huko huko. Wewe unaweza kukaa Ngamiani usiku kucha ukiwa umelala kitandani Hamburg, hakuna kinachokuzuia. Sisemi ukate mawasiliano, hiyo ni adhabu. Nauliza tu: katika mwaka mzima, ni jioni ngapi ulikuwa Hamburg kweli?

Sasa maswali yako. Umeniletea matatu umeyafunga pamoja, nami naona yana tarehe tofauti. La kurudi au kutorudi linakungoja mpaka Oktoba. La mjomba linakomea Maulidi. Kwa hiyo lililo karibu siyo lile linalokunyima usingizi zaidi.

Tuanze na la karibu. Mjomba hakukuuliza kama binti yake aende au asiende. Alikuuliza kama kunafaa, nawe ukampa jibu la neno moja kwa jambo linalohitaji jioni nzima. Kumweleza ukweli si lazima kuwe kumwambia "msimpeleke". Mweleze hesabu. Tangu Septemba 2024 kiwango cha ile akaunti kimekuwa euro 11,904 kwa mwaka, yaani 992 kwa mwezi. Humo inatoka kodi ya chumba, na bima ya afya ambayo kwa mwanafunzi haikwepeki na peke yake inakaribia euro 140 au inapita. Shahada ya uzamili kwa kawaida ni miaka miwili, na kibali cha ukaazi kinapofika kuongezwa wanauliza tena fedha ziko wapi. Shamba linalipia mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili utalipiwa na nini? Huenda mjomba analo jibu, huenda hajawahi kuliwaza. Pia kuna ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani linalosomesha wanafunzi wa nje, kwa baadhi ya kozi za uzamili, ambao hutaka mwombaji awe amefanya kazi angalau miaka miwili baada ya shahada. Binamu yako amemaliza juzi tu, akianza na kazi bado hajachelewa. Akishajua yote hayo mjomba anaweza bado kuuza, na binamu akaenda, akafika kule akachanua. Yeye si wewe.

Hatari yake naijua, na wewe unaijua kuliko mimi. Ukimwambia mjomba Jumatatu, kabla ya Ijumaa mama atakuwa amesikia, tena kutoka kwa jirani, tena imeongezwa chumvi. Ndiyo maana ningefikiria sana nani aanze. Wapo watakaosema mama kwanza, ni haki yake. Mimi kwenye barua yako nimemwona kaka. Naye ametoa fedha, anastahili hesabu, na huenda akakaa nawe mbele ya mama ili habari isishuke kwake ghafla akiwa na hiyo presha. Lakini kama kaka ndiye mwenye hasira nyumbani kwenu, nilichosema kifute.

Na binamu mwenyewe je? Kila mtu anazungumzia safari yake, yeye sijasikia sauti yake.

La Oktoba sasa. Nakuona una njia si chini ya tatu, na kila moja ina bei yake.

Ya kwanza ni kurudi, lakini si kwa maisha yale yale. Kabla hujapanda ndege, waandikie ofisi ya ushauri wa masomo ya kozi yako, uwaeleze lile somo la mahesabu na nafasi moja iliyobaki. Uliza ni lini lazima uifanye, kama unaweza kuisogeza, na nini hutokea ukiugua siku ya mtihani. Usikisie. Hapa kuna hatari ya kweli: kule ukifeli kabisa somo la lazima unapoteza nafasi chuoni, na mara nyingi huwezi kujiandikisha kozi ile ile katika chuo kingine cha Ujerumani. Kwa hiyo nafasi hiyo si ya kuiendea ukiwa umetoka zamu alfajiri. Kwa kazi, sheria inakuruhusu siku 140 kamili au nusu siku 280 kwa mwaka. Hizo ni ukomo, hulazimiki kuzimaliza, na si zote lazima ziwe za usiku. Shirika la huduma za wanafunzi, lile lenye hosteli na mikahawa ya chuo, kwa kawaida lina washauri wa mambo ya nafsi wanaowasikiliza wanafunzi kwa siri, mara nyingi bila malipo.

Watu je? Hamburg si nyika, mwanangu. Ni mji rafiki wa Dar es Salaam tangu 2010. Chuo Kikuu cha Hamburg kinafundisha Kiswahili, na wanaojifunza lugha daima wanatafuta mtu wa kuzungumza naye: wewe unampa Kiswahili, yeye anakupa Kijerumani. Walau saa moja kwa wiki utakuwa wewe ndiye unayejua. Mtaa wa St. Georg una misikiti kadhaa. Futari huko hailiwi peke yako, na Idd ijayo huna haja ya kuikutia ghalani. Najua mtu aliyevunjika moyo hana nguvu hata ya kuvaa koti atoke, na haya yote ni rahisi kwangu niliyekaa kwenye kiti. Chagua moja tu.

Njia ya pili ni kuomba likizo ya muhula, ubaki Tanga upumue, urudi mwezi wa nne muhula wa kiangazi ukianza. Vyuo vya kule huiruhusu kwa sababu za msingi kama ugonjwa, kwa maombi na vithibitisho, na kwa tarehe zao. Inavutia, naikubali. Ila angalia mambo mawili. Kibali cha ukaazi kwa kawaida hufa chenyewe ukikaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi sita, na wewe umeshaondoka tangu Agosti. Hesabu mwenyewe: Aprili imeshapita hapo. Utahitaji kuongea na ofisi ya wageni ya Hamburg kabla, wakupe muda mrefu zaidi kwa maandishi, au urudi mapema. Pili, chumba, bima na ajira vinaweza kuguswa na likizo hiyo. Na moyo pia: wengine wakipumzika wanapata nguvu, wengine kila wiki inayopita inawaongezea woga wa kurudi. Wewe ni yupi?

Ya tatu ni kuacha. Umeiandika kama aibu tupu. Mimi naiona kama uamuzi ambao watu wenye akili zao wameufanya, wakarudi kazini wakaendelea na maisha. Una uzoefu wa forodha, una mwaka wa masomo ya bandari, na mji wako una bandari. Masomo uliyofaulu omba hati yake rasmi, huenda chuo cha hapa kikayazingatia. Lakini sitakuficha: maneno ya mtaani yatakuwepo, jina la Mjerumani litabadilika ladha, na kiwanja hakitarudi. Swali langu ni kama unataka kuacha masomo, au unataka kuacha ghala, upweke na uongo. Kwenye barua nzima hukusema hata mara moja kwamba masomo yenyewe huyapendi.

Kabla ya njia yoyote, nenda ukaonane na daktari. Kutolala, kutokula, moyo kwenda mbio kwa wiki nzima, hayo si udhaifu wala si kukosa imani. Inaweza kuwa sonona au wasiwasi uliopitiliza, na vyote vina tiba. Anza hapo hapo hospitali ya Bombo. Ukipewa maelezo ya daktari kwa maandishi yatunze, uulize chuo kama wanayakubali, maana likizo ya muhula au mtihani ulioukosa vyote huulizia karatasi. Na kama usiku mmoja fikra zitakwenda mbali zaidi, ukaanza kuona heri usiwepo, usisubiri kupambazuke: mwamshe kaka au mama usiku huo huo.

Huenda usiwe na jibu la Oktoba mpaka Oktoba yenyewe, na hilo sioni ubaya wake. Lakini kuna vitu viwili havikungoji ujue unataka nini. Kuna tarehe ya mwisho ya kujisajili upya chuoni na kulipa mchango wa muhula. Ikikupita unaweza kufutwa hata kama ulitaka kurudi. Na kuna tarehe iliyoandikwa kwenye kadi yako ya ukaazi. Zitazame zote mbili leo, uzipige picha, ukakae na kaka kabla mnunuzi wa shamba hajafika.

Niandikie utakapokuwa umezungumza nao, hata kama mazungumzo yamekwenda vibaya.